Ijumaa Iliyobaki Juu ya Kilima

"Sasa wewe mwenyewe unataka nini?"

Baba aliniuliza swali hilo juu ya kilima, mikono kiunoni, pumzi zikimtoka kwa shida. Mimi nilikuwa na simu mkononi, kwenye simu kulikuwa na kitufe cha kijani, na upande wa magharibi jua lilikuwa linatelemka bila haraka yoyote. Mimi ni mtu wa kujibu. Shuleni nilikuwa nikiadhibiwa kwa kujibu. Lakini pale juu nilifungua mdomo, nikaufunga, nikautazama mlima wa mbali kana kwamba jibu limeanikwa kule.

Ili mtu aelewe tulifikaje kilimani, inabidi nianze na ndizi.

Nilipomaliza kidato cha nne niliomba kusomea sheria. Sababu yangu ilikuwa moja: mwalimu wa darasa alisema mtu mbishi kama mimi ama atakuwa wakili ama atapigwa. Serikali ilipogawa nafasi za vyuo vikuu, sheria ikapewa wengine, na mimi nikapewa kilimo cha matunda na mboga, katika chuo kilichoko mbali kule Bonde la Ufa. Mimi niliyekulia kwenye mteremko wa Marani, chai mbele ya nyumba na migomba nyuma yake. Kitu pekee nilichokuwa nimekitarajia kutoka kwa elimu ni kwamba ingenitoa shambani. Sasa ilikuwa inanitoa shambani ili inipeleke shambani kwa basi.

Nikasema nyumbani kwamba nataka kukaa mwaka mmoja, kisha niombe upya.

Baba ni mkulima wa chai na mzee wa kanisa la Wasabato, na yote mawili yamemfundisha kwamba kilichoota kichumwe. Alisema nafasi ni nafasi. Mama, ambaye huuza ndizi sokoni Marani, hakuona ubaya wa kusomea kitu ambacho nyumbani kipo tayari. Halafu akanikumbusha msichana wa Mosocho.

Msichana wa Mosocho alikuwa ameitwa chuo kikuu, akakataa, akasema atangoja mwaka mmoja. Kwa mujibu wa mama, kabla mwaka haujaisha alikuwa ameolewa na mtu mwenye meno machache. Kwa mujibu wa baba hakuolewa, alikuwa anauza soksi barabarani. Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti inayovuka bonde, alisema hapana, soksi alikuwa anazivaa mikononi, maana akili zilikuwa zimeruka kwa kusoma peke yake nyumbani. Niliwauliza jina la huyo msichana. Kila mmoja akasema jina lilikuwa limemtoka kidogo, lakini kisa chenyewe anakijua vizuri.

Huku nyuma habari zilikuwa zimeenea kwamba nimeitwa kusomea ndizi. Watu wa kwetu hawana subira na mambo ya miaka minne. Wiki hiyohiyo nilianza kupewa wagonjwa. Asubuhi nikifungua mlango nakuta mtu amesimama na jani la mgomba lililokauka, amelishika kwa heshima kama anavyoshika mtoto mwenye homa. Nikisema sijui, wanasema nimeshaanza kuringa. Jirani yetu alikuja na kipande cha shina kinachotoa ute wa manjano. Nilitafuta kwenye simu, nikamweleza kwamba huo ni mnyauko, mgomba uking'olewa na kuzikwa ndiyo dawa.

"Mimi nimekuja utibu," akasema, "wewe unanitangazia matanga?"

Akaondoka na shina lake. Lakini jina likabaki. Kuanzia siku hiyo nilikuwa Daktari wa Ndizi, hata kwa watoto.

Chuo kilikuwa kimetuambia kila mwanafunzi akubali nafasi yake kwenye tovuti kabla ya Ijumaa fulani kuisha. Usipokubali, nafasi imepotea, uje uombe na wa mwaka ujao. Hapo ndipo baba alipofanya jambo la busara sana, kwa upande wake. Alisimama kanisani wakati wa matangazo akaalika kanisa zima nyumbani Jumapili itakayofuata Ijumaa hiyo, kwa chakula na maombi ya kumsindikiza binti yake chuo kikuu. Mimi nilikuwa nimeketi na waimbaji. Kanisa likasema amina, nami mdomo ukasema amina pamoja nao kwa mazoea tu.

Sasa hebu mtu aniambie utabisha vipi na amina yako mwenyewe. Nilijaribu wiki nzima. Nilimwambia baba kwamba kualika watu si hoja. Akakubali kwamba si hoja, akaenda kuazima viti.

Hapa inabidi niingize habari za nyanya yangu, na za jua.

Nyumbani kwetu Sabato huanza Ijumaa jua likizama, kama kwa Wasabato wote. Tatizo ni kilima. Sisi tunakaa chini yake, na kiko magharibi, kwa hiyo jua letu hujificha mapema, wakati wale wanaokaa juu bado wanapalilia. Mimi nilipokuwa mdogo nilimuuliza mwalimu wa Shule ya Sabato ni jua la nani linalohesabika. Akasema la kwenu. Nikamuuliza kuhusu watu wa ncha ya dunia ambako jua linaweza kukaa miezi bila kuzama. Akasema tuimbe.

Nyumbani mwenye kusema jua limezama alikuwa nyanya, mama yake baba. Kila Ijumaa alasiri aliketi kwenye kigoda chake katika mlango wa jikoni, miguu ameinyoosha, uso ameuelekeza kilimani, kuku wakipita hapo miguuni pake kuingia kulala. Halafu anasema, si kwa sauti kubwa, "Limeingia." Basi. Jembe linawekwa chini, redio inazimwa, ufagio unaachwa na takataka zake. Baba mwenyewe, ambaye kanisani anaheshimiwa na watu wenye magari, alishawahi kuacha nusu ya kidevu bila kunyoa kwa sababu ya neno hilo, akaenda kanisani kesho yake hivyohivyo na kuongoza maombi. Na Jumamosi jioni, jua likiisha kuzama, nyanya alitaka tuongeze wimbo mmoja au miwili, ili Mungu asije kusema tumempunja. Nadhani hakuna boma lililokuwa na Sabato ndefu kama yetu katika wilaya nzima.

Ijumaa ya mwisho ilifika. Mchana ilinyesha, kama kawaida ya kwetu, na mvua ilipokatika wingu zito likabaki limekaa juu ya kilima. Kila mtu alikuwa mbioni kumaliza kazi za Jumapili, kwa kuwa kesho yake hakuna kugusa kitu. Baba alikuwa anapanga viti vya kuazima uani. Mama alikuwa kila mahali: huku anapepeta wimbi la uji, kule anamwita kuku, huku anahesabu sahani. Nyanya alikuwa mlangoni pa jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kimojawapo cha wageni wangu, natazama simu.

Nilikuwa nimekubali. Nasema kweli. Si kwamba nilikuwa nimeshawishika, nilikuwa nimechoka tu. Nilitazama viti, nikamwaza jirani yetu akiuliza kwa ile sauti yake wageni wameitwa kula nini kama msichana haendi, nikasema potelea mbali, watu wanasomea mambo mabaya kuliko matunda. Nikafungua tovuti. Mtandao wa nyumbani kwetu huja kwa huruma. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Baba aliona ninachofanya, akaja akasimama nyuma yangu, akajifanya anafuta kiti. Hatimaye ukurasa ukafunguka, kitufe cha kijani kikatokea, nikainua kidole.

"Limeingia," nyanya akasema.

Kidole kikabaki hewani. Nikamtazama baba. Baba akatazama kidole, kisha kitufe, kisha mama yake. Sijawahi kumwona mtu akiwa na imani nyingi hivyo na raha kidogo hivyo.

Nikasema kwamba kwa saa ya simu bado ni mapema, hata siku za kawaida huwa halijaingia wakati huu. Nyanya akajibu kwamba yeye alikuwa anaitunza Sabato hapo mlangoni kabla aliyeunda simu hajazaliwa. Nikasema kilima hakionekani kwa wingu. Akasema jua halihitaji kuonekana ili lizame. Hilo lilikuwa kweli, na mimi sipendi kubishana na kitu cha kweli.

Nikamwambia baba ni kubonyeza tu, si kulima. Baba akafikiri. Akasema kubonyeza ni kufunga makubaliano, na makubaliano ni biashara. Akatembea hadi mwisho wa ua, akarudi. Nafasi ya chuo kikuu ilikuwa inakufa mikononi mwake Sabato ikiwa imeishika shingo, na ni yeye aliyekuwa amealika kanisa zima. Halafu nikaona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyekumbuka alikoweka funguo.

"Huko juu," akasema polepole, "bado ni Ijumaa."

Tukaondoka. Kwanza aliamua mambo mawili, kama kawaida ya wazee wa kanisa. Simu ikae mfukoni na isiguswe mpaka tutakapolikuta jua. Na kuhusu kupanda kilima siku ya Sabato, alisema hatutembei ndani ya Sabato, tunatoka ndani yake, kwa hiyo hakuna kosa. Nikamuuliza itakuwaje wakati wa kurudi. Akasema nisianze.

Njia ya kilimani hupita katikati ya chai za watu, na baada ya mvua ule udongo mwekundu ni sabuni. Baba alikuwa amevaa viatu vya kanisani, alivyokuwa amevitoa kuvipiga rangi. Tulikuwa tunakwenda mwendo usio na jina: si kukimbia, maana mzee wa kanisa hakimbii siku takatifu, na si kutembea, maana Ijumaa ilikuwa inatuacha. Aliteleza mara moja, akashika mche wa chai wa mtu, akauomba radhi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akaanza kucheka, na kwa muda tulikuwa tumekaa pale kwenye tope, hatuko Ijumaa wala Sabato.

Tulipotoka kwenye wingu, jua lilikuwepo. Si kwamba lilikuwa limebaki ukingo. Lilikuwa juu, zima, la manjano, na watu wa kule walikuwa wanachuma chai na kupiga soga kama watu wenye siku yao yote. Baba akasema wa huku juu wamebarikiwa. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa mbio za dakika ya mwisho, nikakuta muda umekaa tele unatungoja. Mtandao nao ulikuwa umejaa. Ukurasa ulifunguka mara moja. Kitufe kilekile cha kijani.

Hapo ndipo baba, akiwa ameshika kiuno, alipouliza.

Sidhani alikusudia kuuliza swali kubwa. Nadhani alikuwa anataka tu kupumua, akajaza kimya kwa maneno ya kwanza yaliyokuja. Lakini tangu nafasi itangazwe hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo, na ajabu zaidi, hata mimi sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa na hoja dhidi ya baba, dhidi ya mama, dhidi ya serikali na dhidi ya ndizi. Nilipotafuta hoja yangu mwenyewe nikakuta mahali pake patupu. Sheria? Sheria ilikuwa mzaha wa mwalimu. Matunda yalikuwa hesabu ya kompyuta ya mtu.

Nikasema, "Sijui."

Baba alitafuta jiwe akakaa, akaanza kutoa tope kwenye kiatu kwa kijiti. Mimi nikasimama na kidole changu. Kila nilipokisogeza kwenye kitufe, nilijiuliza ni nani anayekisogeza, na kwa kuwa sikumpata, nilikirudisha. Wachumaji wakatutupia macho, wakaona mzee na binti yake wanatazama simu bila kuzungumza, wakadhani tumefiwa, wakapunguza sauti. Jua likashuka likagusa kingo za mbali, likawa jekundu, likaisha. Safari hii nililiona mwenyewe.

Baba akasimama. "Basi," akasema. "Turudi nyumbani."

Hakuniuliza kama nimebonyeza. Tuliporudi, mama alikuwa jikoni, na kwenye kona kulikuwa na kuku wa Jumapili, miguu imefungwa kwa kamba za migomba, wametulia wakitutazama. Baba akamweleza kwa maneno machache. Mama akanitazama muda mrefu, akawatazama wale kuku.

"Na hawa nao," akauliza, "niwaambie wangoje mwaka?"

Hawakungoja. Jumapili wageni walikuja, maana mwaliko uliotangazwa kanisani haufutwi. Baba alisimama akaeleza kwamba binti yake ameahirisha, na tunawashukuru kwa kuja kuomba pamoja na anayengoja. Watu wakasema amina, ingawa si kwa nguvu ileile. Mzee aliyepewa hotuba alikuwa ameitayarisha kwa wiki nzima na hakuona sababu ya kuipoteza. Aliitoa yote jinsi ilivyokuwa, na ndani yake mimi nikaondoka nyumbani, nikavuka mito, nikasoma matunda ya mataifa yote, nikarudi na gari. Nyanya alilia. Halafu zikaja zawadi: mabeseni, mablanketi, chupa za chai, na sanduku la magurudumu. Wametoa kwa mtu anayekwenda, na mimi nimesimama pale, siendi popote.

Mwaka huo nilichuma chai. Sokoni niliulizwa "bado uko?" na watu walioona wazi kwamba bado niko. Jirani yetu alikuwa akipita kuulizia hali ya blanketi lake, kama nimelifungua, kama linatoa manyoya. Na kwa kuwa kuchuma chai kunaacha kichwa bila kazi, nilianza kumfikiria msichana wa Mosocho. Nilitaka kumuuliza yeye alijibu nini. Kwa hiyo siku moja nikaenda Mosocho kumtafuta.

Niliuliza kwa wauza mboga, kwa mshonaji nguo, kwa mama anayekaanga mandazi karibu na kituo. Msichana aliyeitwa chuo akakataa? Hakuna aliyemjua. Walimjua mwingine. Mama wa mandazi alinivuta karibu akaniambia, kwa huruma, kwamba msichana wa namna hiyo hakuwa wa Mosocho, alikuwa wa Marani. Aliitwa kusomea udaktari wa miti, wakachinja, wakala, halafu siku ya kuondoka akapanda kilimani akakataa kushuka. Sasa akili si nzuri. Anazunguka akiwaambia watu wazike migomba yao.

"Wewe usije ukafanya hivyo," akaniambia. "Una uso wa mtu wa kusoma."

Nilinunua mandazi yake nikala nikiwa nimesimama. Nilicheka njia nzima, lakini chini ya kicheko kulikuwa na kitu kingine kinachonikera kwa utamu. Kisa kilikuwa kimetoka kilimani mpaka Mosocho ndani ya miezi michache, kikaota miguu na mikono, na kila anayekisimulia alikuwa na hakika. Nilitaka kujua kilipitia kwa nani, nani aliongeza kukataa kushuka, nani aliondoa viatu vya baba. Nilianza kuuliza na mambo mengine: nani alileta chai kwenye mteremko wetu, nani alikataa kuipanda, mpaka wa shamba letu ulihamaje. Kila mzee alikuwa na hakika, na hakika zao hazikufanana hata kidogo. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo darasani.

Wakati wa kuomba upya ulipofika niliweka sheria ya pili. Ya kwanza niliweka historia.

Baba alitafakari jambo hilo siku kadhaa. "Historia," akasema mwishowe, "si ndiyo ile imeshapita?"

Lakini nilipoitwa alikubali pamoja nami, mchana kweupe, siku ya Jumanne, na hakuna kuku aliyeguswa. Nilikwenda na sanduku lile la magurudumu na blanketi la jirani. Nikafundishwa kwa miaka minne kuuliza swali moja tu kwa namna mbalimbali: huyu anayekuambia alijuaje?

Nilimaliza chuo, nikarudi, na mwaka huo ndipo tulipompeleka nyanya mjini Kisii kwa daktari wa macho, kwa sababu alikuwa ameanza kumwaga chai mezani. Daktari alimpima, akatuambia huyu mama hajaona kitu cha mbali kwa miaka mingi sana. Nikamuuliza nyanya, palepale kwenye benchi, hiyo miaka yote alikuwa anaonaje jua likizama nyuma ya kilima. Akashangaa kwamba nimesoma sana na sijui. Akasema hakuwahi kulitazama jua. Alikuwa anangoja kuku wampite miguuni kuingia jikoni, na wa mwisho akipita, anatangaza.

Mama, aliyekuwa amemshika mkono, akaniambia kwamba Ijumaa ile kuku hawakuingia wenyewe. Aliwafukuza yeye, mapema, jua likiwa bado, ili awakamate wa kuchinjwa siku ya kunisindikiza.